Anza na Kiti: Mwongozo Kamili wa Kufundisha Yoga na Utulivu kwa Watu wa Kila Mwili, Mwanza

"Mwanangu, nikishuka hapo chini, nani ataniinua?"

Aliyeniuliza hivyo ni mama mmoja muuza dagaa, mlangoni mwa ukumbi wa kukodi Kirumba, siku ya darasa langu la kwanza. Nilikuwa nimetandika mikeka kumi na miwili, imenyooka mstari. Magoti yake yalikuwa yamechoka kwa miaka mingi ya kuinama akianika dagaa, na nyuma yake alisimama kijana wake anayetembelea magongo. Sikuwa na jibu. Wakaondoka, na siku ile mikeka saba ilibaki mitupu.

Wiki iliyofuata nilikodi viti. Tangu hapo nina kanuni moja, na mwongozo huu wote unatoka humo: panga darasa kwa kumfikiria mtu ambaye mwili wake unasogea kidogo kuliko wote, kisha waketishe wote kwenye viti, hata kijana mcheza mpira. Ukisema "wazee kwenye viti, wengine kwenye mikeka", umeshaunda madarasa mawili, na lile la viti litakuwa la kuonewa huruma. Watu wananusa huruma haraka, na hawarudi.

Niseme pia kwamba kusoma hapa hakukufanyi mwalimu. Kozi ya msingi inayotambuliwa na shule nyingi za yoga duniani ni ya saa 200. Lakini hata aliyeimaliza mara nyingi amefundishwa kwa miili ya vijana wazima, ndiyo maana naandika.

1. Malizana na suala la dini kabla halijakumaliza

Utaulizwa tu: "Hii si ibada ya Kihindi?" Usidanganye. Yoga asili yake ni India, na huko imefungamana na dini na falsafa za kale. Mimi najibu hivyo hivyo, halafu naeleza tunachokifanya: pumzi, viungo na kutulia. Hatuimbi chochote, hatuchomi ubani, hatuinamii sanamu. Darasa linafunguliwa kwa salamu na kufungwa kwa "asanteni, mwende salama". Anayetaka kumwomba Mungu wake kimoyomoyo wakati wa kutulia, ni juu yake.

Nenda kwa shehe na mchungaji wa eneo lako kabla hawajasikia habari zako kwa mtu mwingine. Waalike waje wakae kwenye kiti. Kwenye tangazo mimi naandika "Mazoezi ya viungo na pumzi kwa kukaa kwenye kiti", na neno yoga nalitaja kwa maandishi ya kawaida chini yake. Silifichi, ila silifanyi bango. Ukihitaji siku ya kufungua milango kwa wote, tumia tarehe 21 Juni, Siku ya Kimataifa ya Yoga. Umoja wa Mataifa uliipitisha mwaka 2014, ikaadhimishwa mara ya kwanza 2015.

2. Tafuta mahali ambapo mwenye magurudumu anaingia bila kubebwa

Mji wetu ni wa miamba. Mtu wa Mabatini, Igogo au Bugarika anaweza kuwa ameshuka ngazi za mawe mia moja kabla hajaiona barabara, na atazipanda tena akirudi. Usimwongezee nyingine. Chagua ukumbi wa chini, karibu na lami, mahali bajaji inapoweza kusimama mlangoni. Kwa mwenye kiti mwendo, bajaji ina nafuu kuliko daladala: dereva anayekuzoea atajifunza kukikunja na kukifunga nyuma.

Chukua futi upime mlango. Upana usipungue sentimita 80. Kama kuna kizingiti au ngazi, mwambie seremala akutengenezee njia ya mteremko: kila sentimita moja ya kimo inataka sentimita 12 za urefu, kwa hiyo ngazi ya sentimita 15 inahitaji ubao wa karibu mita mbili. Mafundi wengi watakutengenezea mfupi wenye mwinuko mkali na kukwambia "watamsukuma". Kataa. Wapo pia wanaokuja na zile baiskeli za magurudumu matatu za kuendesha kwa mikono. Hizo haziingii mlango wowote, hivyo tenga sehemu salama ya kuziegesha na kiti imara cha kuhamia hapo hapo.

Choo ndipo nilipowaangusha watu kwa miezi. Nilikagua ukumbi wote, chooni sikuingia. Kumbe kilikuwa cha kuchuchumaa, na wanawake wawili walikuwa hawanywi maji tangu asubuhi siku za darasa ili wasije wakabanwa. Seremala alitengeneza kigoda kigumu kilichotobolewa katikati, pamoja na ubao wa kushikilia ukutani. Kazi ya siku moja.

Na ufukweni je? Najua unatamani picha ya machweo na jiwe la Bismarck kwa nyuma. Picha nzuri, darasa bovu. Mchanga unameza magurudumu na magongo, jioni mbu wanaamka, na anayetaka kutumbukiza miguu majini anajiweka kwenye hatari ya kichocho, kwa sababu vijidudu vyake vinavyotoka kwa konokono wa maji vinapenya ngozi. Fundisha ndani au kwenye baraza lenye kivuli. Kivuli si anasa kwa mwenye ualbino. Mpe pia kiti cha mbele, kisichotazamana na dirisha lenye mwanga mkali, maana wengi wao macho yanawasumbua.

3. Siku na saa

Epuka Ijumaa mchana, na epuka kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jua kuzama. Wasabato ni wengi kanda hii. Saa kumi na nusu jioni, baada ya swala ya alasiri, inawafaa wengi. Maliza kabla ya saa kumi na mbili, ili anayepanda mlimani apande na mwanga.

Kama wanafunzi wako ni watu wa dagaa, angalia mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikaza taa hazivuti samaki, uvuvi unalala, na wanawake wanaoanika nao wanapata nafasi. Nilikuwa nadhani mahudhurio yangu yanapanda na kushuka bila sababu, mpaka mmoja wao aliponicheka.

Njia rahisi ya kupata watu ni kufuata kikundi cha VICOBA, cha kuweka na kukopeshana, kinachokutana kila wiki. Viti vipo, watu wapo, na wanaaminiana. Omba nusu saa baada ya hesabu kufungwa. Kwa watu wenye ulemavu, pitia vyama vyao wenyewe. Shirikisho lao la kitaifa ni SHIVYAWATA, na ukiwasikiliza watakwambia mengi ambayo kozi haikukwambia.

4. Viti

Kiti si dalili ya unyonge. Mwalimu mkubwa wa India, B.K.S. Iyengar (1918–2014), aliyeugua malaria, taifodi na kifua kikuu utotoni, ndiye aliyeuzoesha ulimwengu kufanya yoga kwa msaada wa viti, mikanda, mablanketi na kamba. Ukiwa na mtu anayeona aibu kukaa, msimulie hiyo.

Kiti cha plastiki cha kukodi kinafaa, ila kikague. Kigeuze uangalie ufa chini ya kalio na kwenye maungio ya miguu. Kikalie mwenyewe, uyumbe kushoto na kulia. Kwenye marumaru miguu yake hutanuka na kuteleza, kwa hiyo mimi nakata vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli, navivika kwenye miguu minne, halafu kiti kinaegemea ukuta. Changanya vyenye mikono na visivyo na mikono: vya kwanza vinamsaidia anayepata taabu kuinuka, vya pili vinaachia nyonga na kiti mwendo kinaweza kusogea karibu.

Nyayo lazima zikanyage. Kwa mfupi, weka tofali lililofungwa kitenge chini ya miguu. Kwa mrefu, kunja blanketi juu ya kiti. Kila mtu aje na kanga moja: itafunika mapaja ya aliyevaa gauni, itakuwa mkanda wa kuvuta mguu, na mwisho atajifunika wakati wa kupumzika.

5. Ulizaneni pembeni, si mbele za watu

Kabla ya darasa la kwanza kaa na kila mtu peke yake kwa dakika tano. Presha? Sukari? Amewahi kupata kiharusi? Kifafa? Ujauzito? Upasuaji wa karibuni? Presha ya macho? Ameanguka mwaka huu? Andika kwenye daftari lako, ulifungie. Habari za afya ya mtu si za kusimulia, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Magonjwa mengine asiyotaja, usimchokonoe.

Kinachobadilika darasani ni hiki. Mwenye presha hazuii pumzi na hainamishi kichwa chini ya moyo. Mimi mtu akija na kipimo cha 180 kwa 110 au zaidi simpi zoezi, namwelekeza hospitali. Mwenye presha ya macho naye hainamishi kichwa. Mjamzito hajikunji tumbo wala kujisokota sana, na mimba ikishapita nusu asilale chali muda mrefu. Mwenye mifupa dhaifu anyooke zaidi kuliko kukunjamana mbele. Mwenye sukari avae viatu, kwa sababu nyayo zake huenda hazihisi msumari. Mwenye kifafa asifanye pumzi za harakaharaka, na kwa kweli mimi simfundishi mtu yeyote pumzi hizo. Aliyepata kiharusi anainua mkono dhaifu kwa kuubeba na ule mzima, taratibu, bila kuuvuta. Aliye kwenye kiti mwendo afunge breki kabla ya kila kitu, na kila baada ya muda ajinyanyue kidogo au ahamishe uzito, asije akapata vidonda vya kukaa.

Aliyetoka kufanyiwa upasuaji, Bugando au kwingineko, alete ruhusa ya daktari wake. Hapo sina mjadala.

6. Maneno

Hapa ndipo mwalimu mzuri anapojulikana, na ndipo pagumu kuliko mkao wowote.

Mimi ni mdogo kwa umri kuliko nusu ya darasa langu. Siwezi kumwambia mzee wa miaka sabini "Inua mkono!" Nitakuwa nimekosa adabu kabla sijafundisha. Kiswahili kimetupa njia: "Tuinue mkono." "Tushushe mabega." Mwalimu ukijiweka ndani ya kitenzi, amri inageuka kuwa safari ya pamoja. Anza na shikamoo kwa kila anayestahili, kiti kwa kiti, na "Mwadila!" kwa Wasukuma wasiotarajia kuisikia kwako. Muite mtu Mama, Mzee, Bibi, Kaka, vile anavyoitwa kwao.

Usimguse mtu bila kumuuliza, na mwanamume usimguse mwanamke hata ukiruhusiwa, kama kuna mwanamke mwenzake anayeweza kusaidia. Ukitaka kuusogeza mkono wake, uoneshe kwa mkono wako.

Toa chaguo kabla ya zoezi, si baada ya mtu kushindwa. "Tuinue mikono hadi inapofurahi: mapajani, kifuani, au juu." Hapo hakuna aliyefeli. Asiyeweza kusogeza mguu kabisa mwambie aupeleke kwa mawazo, auone unanyooka, avute na kutoa pumzi pamoja na wenzake. Nilidhani nawadanganya watu kwa hilo mpaka kijana mmoja wa kiti mwendo aliponiambia ndiyo sehemu anayoipenda kuliko zote.

Kisha tafuta picha wanazozijua miilini mwao. "Mgongo wima" haumwambii mtu kitu. Mama aliyebeba maji tangu utoto mwambie, "Kaa kama una ndoo kichwani", utaona shingo inarefuka papo hapo. Mabega yakipanda masikioni: "Sasa umetua ndoo." Mvuvi mwambie akae kama yuko kwenye mtumbwi mwembamba, uzito katikati. Kwa kutoa pumzi ndefu, "Poza uji." Kwa kukanyaga visigino na vidole kwa zamu, "Cherehani."

Kwa asiyeona, futa "kama hivi" na "huku" kwenye midomo yako. Sema "kiganja cha kulia juu ya goti la kushoto". Kwa kiziwi, kaa kwenye mwanga uso ukionekana, uwe na mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania ukiweza, na usimwambie afumbe macho. Akifumba, darasa limemwishia. Patana naye mapema ishara ya kumaliza, mfano kuzima na kuwasha taa.

7. Saa moja ya darasa

Dakika tano za kwanza ni salamu na swali: "Mwili umeamkaje?" Asiyependa kujibu aoneshe kwa mkono.

Dakika tano za pumzi. Mkono mmoja tumboni. Vuta kwa puani kwa hesabu ya tatu, toa taratibu kwa hesabu ya nne au tano, ukipoza uji. Hakuna kuzuia katikati. Anayesikia kizunguzungu arudie pumzi yake ya kawaida.

Kisha dakika ishirini na tano za viungo, toka juu kwenda chini. Shingo kulia na kushoto, bila kuizungusha mduara mzima. Mabega. Vidole na vifundo vya mikono, ambavyo washonaji na waparua samaki wanavihitaji kuliko wanavyojua. Halafu paka na ng'ombe: mikono magotini, ukitoa pumzi mgongo unapinda nje kama paka aliyeona mbwa, ukivuta kifua kinafunguka na mgongo unabonyea kama wa ng'ombe. Usukumani hapa sijawahi kuombwa nieleze ng'ombe. Mara sita zinatosha. Kisha kusokota kiuno, polepole, kama unayegeuka kumtazama kondakta nyuma ya daladala. Mkono usitumike kujivuta kwa nguvu kwenye kiti. Malizia na nyonga, magoti na cherehani.

Dakika kumi za kusimama, kwa anayetaka. Hapa kuna zoezi ninalolithamini kuliko mengine yote: kuinuka kwenye kiti na kukaa tena. Sogea mbele ya kiti, vuta nyayo nyuma ya magoti, inama mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, sukuma sakafu, toa pumzi ukiinuka. Kukaa ndiko kugumu zaidi: shuka bila kujitupa. Tano kwa mwanzo, kwa kushika mikono ya kiti au bega la jirani. Asiyesimama ajisukume kwa mikono anyanyue kalio sentimita moja. Yule mama wa dagaa alirudi darasa likiwa na mwezi wa pili, akaanza na mbili. Sasa anafika nane, anahesabu kwa Kisukuma kwa sauti, na ukimkatiza anaanza upya.

Zinazobaki ni za kupumzika, kanga mwilini, mgongo kwenye egemeo. Na za kuaga.

8. Kutulia

Wenzetu wanaeleza kwa maneno marefu. Mimi nasema: tunakaa, tunaona kinachotokea, hatukifukuzi. Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo ya namna hii hospitalini Marekani mwaka 1979 kwa wagonjwa wa maumivu sugu. Zoezi lake maarufu ni la kula zabibu kavu moja polepole. Hapa kuna anayefunga na kuna mwenye sukari, kwa hiyo natumia kokoto ya jabali, iliyooshwa. Kila mtu anaishika kiganjani. Baridi yake. Uzito. Upande mkwaruzo na upande laini. Dakika mbili, mawazo yakienda sokoni yarudishwe kwenye kokoto bila kugombezwa. Siku nyingine tunasikiliza tu: bodaboda, adhana, korongo wakitua juu ya bati. Usiombe ukimya Mwanza, utasubiri.

Kosa langu kubwa lilikuwa hapa. Kozi ilinifundisha kuwaambia watu wafumbe macho wajione ufukweni, mawimbi yakija na kuondoka. Nikafanya hivyo. Mama mmoja wa mstari wa pili akasimama, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi. Ndugu yake alikuwa kwenye MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. Kwa watu wa visiwani na mwambao huu kuna hiyo, na kuna kivuko cha MV Nyerere kilichozama Septemba 2018, karibu na Ukara, na kuna mitumbwi isiyotajwa redioni. Ziwa ni chakula na ni kaburi pia. Siku hizi sitaji maji wakati wa kutulia, na macho si lazima kufumba: anayependa aangalie sehemu moja sakafuni. Mtu akilia, usimkimbilie na maswali. Mpe maji, kaa jirani, muulize baadaye kama ana wa kuongea naye, na kama mzigo ni mzito mwelekeze kwa mtaalamu. Wewe ni mwalimu wa kiti.

9. Mambo yakiharibika

Weka karibu soda yenye sukari, maji, namba ya dereva wa bajaji na jina la zahanati iliyo jirani. Mwenye sukari akianza kutetemeka na kutoka jasho baridi, mpe soda au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, mradi anaweza kumeza, kisha asubiri robo saa. Maumivu ya kifua, uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea ghafla, maneno kuvurugika: darasa linasimama na bajaji inakwenda hospitali sasa hivi, si baada ya kupumzika. Akianguka mtu, usimnyanyue kwa pupa. Mwache apumue, muulize panapouma, halafu sogeza kiti karibu ajiinue kwa kukitegemea kama anaweza.

10. Pesa na mrithi

Mimi naweka kibubu mlangoni, kila mtu anatia alichonacho, na hakuna anayeangalia. Nauli ya bajaji kwa wenye viti mwendo inatoka humo kwanza, kabla ya kodi ya ukumbi na kabla yangu. Kuna miezi haitoshi. Miezi hiyo naenda kufundisha ofisini kwa watu wanaolipa, viti vyao vina magurudumu na ni hatari kuliko vya plastiki, kwa hiyo nawaomba vile vya wageni.

Usikae na darasa peke yako. Darasa likifikisha miezi sita, mpe mwanafunzi mmoja dakika tano za pumzi, halafu kumi. Mchague yule ambaye mwili wake unafanana na wa wanaoogopa kuingia. Wangu ni yule kijana wa magongo. Alhamisi hii darasa zima ni lake: atakuwa amekaa mbele, magongo yameegemea ukuta, na mimi nitakuwa nyuma nikikagua vile vipande vya tyubu, maana viwili vilichomoka wiki iliyopita.